Madoa ya Jua na Maji ya Ziwa Victoria

1801–1878: Kutoka bei ya ngano hadi njaa ya India

William Herschel alikuwa ameshajipatia jina kwa kuigundua sayari ya Uranus pale alipoiletea Royal Society ya London, mwaka 1801, swali lililowahusu wakulima. Je, madoa meusi yanayoonekana usoni mwa jua yana uhusiano na mavuno? Kumbukumbu za joto za miaka mingi hakuwa nazo. Akachukua kitabu cha Adam Smith juu ya utajiri wa mataifa, akasoma humo bei za ngano za miaka iliyopita, akazilinganisha na nyakati ambazo wanajimu waliripoti madoa machache. Alipata vipindi vitano vya namna hiyo, na kwa hesabu yake ngano ilikuwa ghali katika vyote. Madoa yakiwa machache, alisema, jua hutoa joto kidogo.

Wakosoaji wake walimcheka. Kicheko si hoja, lakini hoja ilikuwepo: vipindi vitano ni vichache mno, na bei ya ngano hupanda pia kwa vita, kodi na uhaba wa meli. Hesabu ile iliporudiwa mwaka 2013 kwa mbinu za leo, ilionekana kwamba uhusiano alioudai hauwezi kutofautishwa na bahati tupu.

Swali la Herschel halikufa, kwa sababu madoa yenyewe yalikuja kuonyesha utaratibu. Heinrich Schwabe, mwuza dawa wa Dessau huko Ujerumani, aliyahesabu kila siku ya jua kali tangu 1826, na kufikia 1843 aliweza kusema kwamba huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kumi hivi. Rudolf Wolf wa Uswisi akaurekebisha mzunguko huo kuwa wa miaka 11. Tangu hapo kila aliyekuwa na orodha ndefu ya tarakimu alikuwa na kitu cha kuilinganisha nayo. Charles Meldrum, aliyesimamia kituo cha hali ya hewa cha Mauritius, alidai mwaka 1872 kwamba vimbunga vya Bahari ya Hindi huongezeka madoa yanapoongezeka. William Stanley Jevons, mchumi wa Uingereza, aliyahusisha madoa na misukosuko ya biashara.

Kisha ikaja njaa kuu ya India ya 1876 hadi 1878, iliyoua watu kwa mamilioni. Katikati ya msiba huo, mwaka 1877, mwanajimu Norman Lockyer na mkuu wa takwimu za serikali ya India, W. W. Hunter, waliandika kwamba mvua ya Madras hupungua wakati madoa ni machache, na kwamba kwa hiyo njaa inaweza kujulikana mapema. Ni rahisi kuelewa kwa nini watu walitamani jambo hilo liwe kweli. Leo tunajua kwamba ukame ule uliambatana na El Niño kubwa sana ya 1877 na 1878. Chanzo kilikuwa baharini.

1904–1924: Aliyehesabu pia yaliyoshindikana

Gilbert Walker alifika India mwaka 1904 kuongoza idara ya hali ya hewa. Alikuwa mwanahisabati wa Cambridge, na hakuwa amesomea hali ya hewa. Alirithi kazi ya kutabiri mvua za pepo za kusi katika nchi ambayo mvua ikikosekana watu hufa. Wapo waliokuwa wameshika madoa ya jua, wengine theluji ya Himalaya, wengine pepo za mbali. Walker hakuchagua nadharia. Aliwaweka makarani wa Kihindi wakokotoe uwiano kati ya mvua ya India na kila kipimo kilichopatikana duniani: kanieneo ya hewa, joto, mafuriko ya mito, na madoa ya jua.

Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko ugunduzi wake wowote. Mtu akikokotoa uwiano mmoja tu na ukatokea mkubwa, ana haki ya kushangaa. Akikokotoa mia, lazima mmoja au zaidi utatokea mkubwa kwa bahati, na kuuchukua huo peke yake na kuutangaza ni kujidanganya. Chukua kipimo kinachokubaliwa sana, kile kinachoruhusu kosa moja katika majaribio 20. Ukijaribu mambo 20 yasiyo na uhusiano wowote, uwezekano kwamba angalau moja litapita ni asilimia 64. Mwaka 1914 Walker aliandika kanuni ya kuzingatia hilo: uwiano bora uliopatikana upimwe kwa idadi ya majaribio yote yaliyofanywa, pamoja na yale yaliyotupwa. Kwa mizani hiyo madoa ya jua hayakumsaidia kutabiri mvua ya India. Kilichosimama ni bembea ya kanieneo kati ya Pasifiki na Bahari ya Hindi, aliyoipa jina mwanzoni mwa miaka ya 1920, na ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa upande wa angahewa wa El Niño.

1896–1923: Ziwa linalofuata jua

Wakati huo huo nguzo za kupimia maji zilikuwa zikisomwa kwenye mwambao wa Ziwa Victoria. Vipimo vilianza mwaka 1896 upande wa Uganda. Waingereza walihitaji tarakimu hizo kwa ajili ya Mto Nile, kwa kuwa maji yatokayo Jinja ndiyo mwanzo wa safari ndefu ya kwenda Sudan na Misri. Majina ya waliozisoma nguzo hayako katika vitabu vya sayansi, lakini ushahidi mwingi wa historia hii umetoka mikononi mwao.

Mwaka 1923 Charles Brooks wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza alizichukua tarakimu hizo, pamoja na za Ziwa Albert, akaziweka kando ya hesabu ya madoa. Ziwa lilikuwa chini mwanzoni mwa karne, likapanda karibu na kilele cha madoa cha 1906 na 1907, likashuka, likapanda tena karibu na kile cha 1917, likashuka tena madoa yalipopungua. Uwiano ulikuwa karibu 0.87, ambapo 1 ni kufuatana kusiko na dosari. Katika sayansi ya hali ya hewa ya wakati ule ilikuwa vigumu kupata kitu safi namna hiyo. Wapo waliokwisha kuyapuuza madoa ambao sasa walilazimika kuyatazama upya.

Ukimsoma Brooks kwa haki, humwoni akifanya hila yoyote. Tarakimu zilikuwa za kweli na hesabu ilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa kwamba miaka 27 ya vipimo haikuwa mashahidi 27.

1926–1927: Mashahidi wachache waliojificha

Aliyelieleza vizuri tatizo hilo ni Udny Yule, katika hotuba yake ya urais wa Royal Statistical Society iliyochapishwa mwaka 1926. Alikuwa na mfano unaosisimua mpaka leo. Kati ya 1866 na 1911, sehemu ya ndoa za Uingereza zilizofungwa katika Kanisa la Anglikana ilipungua, na vifo vya watu vikapungua pia. Uwiano ulikuwa 0.95. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba kufunga ndoa kanisani kunaua. Yule aliuliza kwa nini orodha mbili zinazobadilika pamoja na wakati hutoa upuuzi wa namna hii mara kwa mara, na jibu lake lilikuwa la kihisabati: kila mwaka katika orodha hizo umeegemea mwaka uliotangulia.

Ziwa Victoria ni mfano halisi wa orodha iliyoegemea nyuma. Kama pipa la maji uani, kilichomo leo ni kile cha jana, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka. Maji mengi yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi yanayotoka huondoka kwa mvuke. Mwaka mmoja wa mvua nyingi huacha alama kwa miaka kadhaa. Madoa nayo huongezeka na kupungua polepole. Basi katika miaka 27 Brooks alikuwa na mizunguko miwili na nusu tu: vilele viwili na mabonde matatu. Mawimbi mawili ya mwendo unaokaribiana yanaweza kupandana mara mbili bila kujuana kabisa.

Mwaka uliofuata Eugen Slutsky wa Moscow alikwenda mbali zaidi. Alichukua tarakimu zilizotoka katika bahati nasibu ya serikali, zisizo na mpangilio wowote, akawa anazijumlisha kwa mafungu yanayosogea. Jumla zile zilipanda na kushuka kwa mawimbi laini, yanayofanana mno na historia ya biashara ya Uingereza ya karne ya 19. Mzunguko ulijitokeza mahali ambapo hapakuwa na chanzo chochote cha mzunguko.

Kuhusu ziwa, hapakuhitajika hata nadharia. Ilitosha kuendelea kusoma nguzo. Kabla miaka ya 1920 haijaisha ziwa lilianza kuachana na madoa, na katika miaka ya 1930 ule ufuasi haukuonekana tena. Walker mwenyewe, ambaye sasa alikuwa amerudi Uingereza, aliandika kuhusu maziwa na madoa mwaka 1936, na kila mwaka ulioongezwa ulizidi kuushusha uwiano wa Brooks.

1938: Callendar mbele ya wataalamu

Guy Stewart Callendar alikuwa mhandisi wa mitambo ya mvuke. Hali ya hewa aliifanya nje ya kazi yake. Mwaka 1938 aliiletea Royal Meteorological Society ya London hesabu aliyoikusanya kutoka vituo 147 duniani, akisema kwamba nchi kavu imekuwa ikipata joto kwa takriban nusu karne, na kwamba hewa ukaa itokanayo na makaa ya mawe ndiyo inayochangia. Wazo hilo halikuwa jipya. Svante Arrhenius wa Uswidi alishalipigia hesabu mwaka 1896, na wengi walidhani limekwisha kukanushwa.

Miongoni mwa waliomjibu Callendar siku hiyo alikuwa Charles Brooks. Alikubali kwamba joto limepanda kweli, akataja hata barafu inayopungua kaskazini, lakini aliona kwamba mabadiliko ya mizunguko ya hewa yanatosha kulieleza. Jibu lake halikuwa la kijinga. Nadharia ya hewa ukaa ilikuwa bado ndiyo nadharia mbadala, na yeye aliyejua jinsi mstari mzuri unavyoweza kuvunjika alikuwa na sababu ya kusubiri.

Lakini Callendar alikuwa na kitu ambacho madoa hayakuwa nacho. Alianza na jinsi hewa ukaa inavyozuia mionzi ya joto, jambo linalopimika katika maabara, akakokotoa joto gani lipatikane, kisha ndipo akatazama vituo. Mwelekeo ulitajwa kabla, na ukubwa wake ulitajwa kabla. Mwaka 2013, miaka 75 baadaye, tathmini ya kazi yake ilionyesha kwamba mstari wake wa joto la dunia, uliochorwa kwa hesabu ya mkono, unakaribiana sana na ule wa kompyuta za leo. Katika makadirio ya mbele alikosea kwa upande wa chini: hakutazamia kwamba binadamu wangechoma makaa na mafuta kwa kasi ile.

1957–1964: Ziwa linapanda, jua limetulia

Kilele cha madoa cha 1957 na 1958 ni kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa. Kama ziwa lingekuwa mtumwa wa jua, basi huo ndio ulikuwa wakati wake wa kufurika. Halikufurika.

Lilifurika baadaye. Vuli ya 1961, msimu ule ule ambao Tanganyika ilipata Uhuru, ilinyesha Afrika Mashariki kwa namna ambayo wazee waliikumbuka maisha yao yote. Ziwa Victoria lilianza kupanda na halikusimama mpaka Mei 1964, likiwa limeongezeka takriban mita mbili na nusu. Bandari zilizama, mashamba ya pwani ya ziwa yakaliwa, watu wakahama. Na 1964 ndio mwaka ambao madoa ya jua yalifikia kiwango chake cha chini kabisa katika mzunguko ule.

Wapo walioshuku bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954. Shuku hiyo nayo ilistahili kupimwa, na ilipimwa. Maziwa yasiyokuwa na bwawa lile, kama Tanganyika, Naivasha na Turkana, nayo yalipanda, na hesabu za baadaye za maji yanayoingia na kutoka zilionyesha kwamba mvua inatosha kulieleza ongezeko. Kilichobaki kuulizwa ni nini kiliileta mvua. Mwaka 1999 watafiti walieleza bembea ya joto la Bahari ya Hindi: upande wa magharibi, ulio karibu nasi, unapopata joto huku upande wa Indonesia ukipoa, vuli yetu huwa nzito. Mwaka 1961 ulikuwa miongoni mwa mifano yake mikubwa.

1978–2004: Jua linapimwa kutoka juu

Barrie Pittock wa Australia alipitia mwaka 1978 rundo la maandiko yaliyodai kwamba madoa huongoza hali ya hewa, akakuta karibu yote yana udhaifu ule ule: miaka michache, majaribio mengi yasiyotajwa, na kunyamaza pale uhusiano unapokatika. Mwaka huo huo setilaiti zilianza kupima mfululizo nguvu ya jua lenyewe. Ilionekana kwamba kati ya kilele na bonde la madoa nguvu hiyo hubadilika kwa takriban asilimia 0.1 tu.

Hata hivyo jua lilipata watetezi wapya. Mwaka 1991 Eigil Friis-Christensen na Knud Lassen wa Denmark walionyesha kwamba urefu wa mzunguko wa madoa unafuatana na joto la nchi kavu la nusu ya kaskazini ya dunia tangu 1861, hata katika ongezeko la karibuni. Mchoro wao ulizunguka dunia nzima. Peter Laut, Mdenmark mwenzao, aliketi na tarakimu zake. Alikuta kwamba nukta nne za mwisho, zile zilizobeba madai yote kuhusu joto la kisasa, hazikulainishwa kwa njia iliyotumika kwa nukta nyingine, na kwamba katika mwendelezo wa baadaye palikuwa na makosa ya hesabu. Mwaka 2004 yeye na Paul Damon walichapisha michoro iliyosahihishwa, na ule mlingano wa miaka ya mwisho ukatoweka.

Henrik Svensmark alikuja na wazo jingine mwaka 1997, kwamba miale kutoka anga za mbali huzalisha mawingu, na jua likiwa kali huizuia. Wazo hilo lilipewa heshima kubwa kuliko wengi wanavyokumbuka: maabara ya CERN karibu na Geneva ilijenga chemba maalumu ya kulipima. Miale ile kweli husaidia chembe ndogo kuanza kuundwa, lakini mabadiliko yake ni madogo mno kuyaongoza mawingu ya dunia.

Palikuwa pia na jaribio lililotenganisha nadharia ya jua na ile ya hewa ukaa waziwazi. Jua likiongezeka nguvu, angahewa yote ipate joto, chini na juu. Hewa ukaa ikiongezeka, chini kupate joto na tabaka la juu lipoe. Syukuro Manabe na Richard Wetherald walilisema hilo mwaka 1967, kabla ya setilaiti kuweza kulithibitisha. Vipimo vilipokuja, tabaka la juu lilikuwa linapoa.

Tangu 2005: Utabiri ulioandikwa kabla

Mwaka 2005 wanafizikia wawili wa jua kutoka Urusi, Galina Mashnich na Vladimir Bashkirtsev, walikubali kuweka dau la dola 10,000 dhidi ya James Annan, mtaalamu wa modeli za tabianchi. Wao waliamini kwamba jua linalotulia litaipoza dunia. Wastani wa joto la 2012 hadi 2017 ungelinganishwa na ule wa 1998 hadi 2003. Jua lilitulia kweli: mzunguko uliofuata ulikuwa dhaifu kuliko wowote wa karne moja iliyopita. Joto likapanda.

Ziwa Victoria nalo lilirudi mahakamani. Mwaka 2007 Curt Stager na wenzake walidai kwamba vilele vya madoa vya karne ya 20 viliambatana na mvua nyingi na maji ya juu, wakatamka wazi kwamba mvua kubwa itazamiwe mwaka mmoja hivi kabla ya kilele kijacho, ambacho wakati huo kilitarajiwa 2011 au 2012. Ninawaheshimu kwa kutamka. Mwishoni mwa 2010 na mwaka 2011 sehemu kubwa ya Kenya, Somalia na Ethiopia ilikumbwa na ukame mkali, na kilele chenyewe kikachelewa mpaka 2014. Mei 2020 ziwa lilifika tena kiwango cha 1964. Madoa yalikuwa yamegusa chini Desemba 2019. Bembea ya Bahari ya Hindi, kwa upande wake, ilikuwa imefikia mojawapo ya nguvu zake kubwa kabisa katika vuli ya 2019.

Mizani hiyo hiyo imewekwa juu ya wanaoitetea hewa ukaa. Zeke Hausfather na wenzake walikusanya makadirio 17 ya joto yaliyochapishwa kati ya 1970 na 2007, wakayapima kwa kilichotokea baadaye. Kumi yalilingana na vipimo. Ilipozingatiwa kwamba watabiri hawakuweza kujua binadamu watachafua hewa kwa kiasi gani, yalifika 14. Makadirio mashuhuri ya James Hansen ya 1988 yalizidisha joto, na hilo limeandikwa humo bila kufichwa.

Kwetu lipo fumbo ambalo modeli hazijalitegua. Nyingi zinasema masika ya Afrika Mashariki yataongezeka dunia ikipata joto, ilhali vipimo vilionyesha yakipungua tangu miaka ya 1980 kwa takriban miongo mitatu. Wapo wanaosema ni mawimbi ya asili ya bahari, na hao wanatazamia masika yarejee. Wapo wanaolaumu joto la Pasifiki ya magharibi, na hao wanatazamia ukavu uendelee. Wengine wanasema modeli zenyewe huchora vibaya misimu yetu, zikizidisha vuli na kupunguza masika, hivyo zisiaminiwe kwa msimu huo mpaka zirekebishwe. Masika ya 2018, 2020 na 2024 yaliyofurika yanawaunga mkono wa kwanza. Masika ya 2022, katikati ya misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua na kuua mifugo kutoka Marsabit hadi Somalia, yanawaunga mkono wa pili. Kwa hesabu ya Yule, misimu michache hii haitoshi kuamua, na vituo vya mvua vinavyoweza kuamua vimepungua katika nchi zetu kadhaa tangu zipate uhuru.